Mikono ya Leba

Mkunga anayejua kazi hagusi tumbo la mzazi kwa pupa. Anaweka kiganja upande wa juu, anatulia, macho yake kwenye saa aliyoibana kifuani kichwa chini, kisha anasubiri dakika kumi nzima. Uchungu ukija, analisikia tumbo likikaza hata kabla mama hajakunja uso. Anahesabu: umekuja mara ngapi, umekaa sekunde ngapi. Asiyejua atadhani sista amekaa tu.

Katika leba za Kahama, Geita na Katoro dakika hizo kumi hazipatikani kirahisi. Hii ni nchi ya machimbo. Pakisikika fununu ya dhahabu vijana humiminika, familia hufuata, na zahanati iliyojengwa kwa ajili ya kijiji hujikuta inahudumia mji. Mama analetwa kwa bodaboda kutoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, hana kadi ya kliniki, na pengine ameshakunywa dawa ya mitishamba ya kuharakisha uchungu. Hapo muuguzi ana kazi ngumu kuliko sindano yoyote: kumuuliza bila kumgombeza. Akimfokea atafichwa, na uchungu uliochochewa kupita kiasi unaweza kupasua kizazi. Ndiyo maana wauguzi wageni wanaodumu Usukumani ni wale wanaojifunza kusalimia kwa Kisukuma, “mwangaluka, mayo”, kabla hawajashika faili.

Anachokisikia kwa mkono anakiandika kwenye patografu, karatasi moja yenye mistari miwili ya mshazari. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, nayo yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa nne, kwa vidole viwili vilivyozoea kukadiria sentimita gizani. Kila mtu wa leba anajua kwamba zipo patografu zinazojazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, mstari umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Iliyojazwa kwa haki ina vurugu kidogo: nukta imepanda, imekwama, pembeni pameandikwa saa ambayo daktari aliitwa. Mimi ningempima muuguzi kwa karatasi hiyo kabla ya kuangalia vyeti vyake.

Nukta zikivuka mstari wa kwanza na mama yuko zahanati, inapigwa 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Mpango huo ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutumwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna dakika ya kwanza ya mtoto. Ametoka, halii. Mkunga anamkausha kwa nguvu, anamsugua mgongo, anasafisha njia ya hewa ikiwa imeziba. Kimya bado? Anashika ambubagi, mfuko wa kumpulizia hewa. Kazi yote iko kwenye mkono ulioshika barakoa: kidole gumba na cha shahada vinaibana usoni, vidole vilivyobaki vinainua taya, shingo isikunjwe wala isipinduliwe mno. Pumzi ni 40 hadi 60 kwa dakika, na kifua lazima kiinuke. Kisipoinuka, hewa inavujia shavuni, na mkunga mzuri hugeuza mkono kidogo tu badala ya kubinya mfuko kwa nguvu.

Ufundi wa namna hii husahaulika upesi usipotumiwa. Kuanzia 2021 hadi 2023, vituo 30 vya Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga vilikuwa katika mpango wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Haydom. Badala ya kutegemea semina za hotelini, wanasesere waliwekwa wodini na watumishi wakajizoeza dakika chache chache, mara kwa mara, katikati ya zamu. Walipewa pia kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kiitwacho Moyo. Matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya akina mama vilishuka kwa takribani asilimia 75, na vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40.

Njia rasmi ya kufika leba inajulikana. Mtu hufaulu masomo ya sayansi kidato cha nne, kisha husoma stashahada ya uuguzi na ukunga miaka mitatu, katika chuo kama Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kilichokulia kwenye hospitali ya kanisa la AIC. Anayetaka shahada huenda Bugando au Muhimbili. Baraza la Uuguzi na Ukunga humtahini na kumpa leseni. TANNA ni chama cha wauguzi wote, TAMA ni cha wakunga. Serikalini wa stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada Afisa Muuguzi. Wengine hurudi masomoni kusomea usingizi, macho au afya ya akili. Wengine hubaki kliniki ya kifua kikuu, ambako nesi wa Geita, akisikia kikohozi, huuliza kwanza: unafanya kazi duarani au kwenye karasha la kusaga mawe? Vumbi la mwamba lina madhara yake.

Kinachoniudhi katika ngazi hii ni kwamba mkunga akishaiva, hupandishwa akapewa ofisi. Anakuwa matroni, au muuguzi mkuu wa wilaya, na mikono iliyochukua miaka ishirini kutengenezwa inasaini fomu za dawa na likizo. Ofisi zinahitaji watu, sikatai. Ila apatikane wa kupanda cheo na mshahara huku amebaki leba. Wapanga zamu wangejua pa kumweka: zamu ya usiku, pamoja na wakunga wapya wawili.