Pongezi kwa wapimaji wa upepo

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia na kuishiwa nguvu, kama Jobo kilivyofifia Aprili 2021 kabla ya kugusa pwani yetu, na wapo Temeke na Kinondoni wanaosema Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutia hofu bure. Sikubaliani nao. Rubani anayekuja Uwanja wa Julius Nyerere hupanga mafuta kabla ya kuruka: akiambiwa upepo wa ubavuni utazidi uwezo wa ndege yake, hubeba ya kumfikisha Kilimanjaro au Mombasa, ama haondoki kabisa. Uamuzi huo haungoji kimbunga kitue. Mchana na usiku mtaalamu wa zamu huandika mwelekeo na kasi ya upepo, umbali wa kuona, kimo cha mawingu na mgandamizo wa hewa; tarakimu hiyo ya mwisho ikikosewa, kipimo cha mwinuko ndani ya ndege nacho hudanganya, na njia ya kutua imefunikwa na mvua. Ni kweli safari ikiahirishwa mfanyabiashara hupata hasara, tena si ndogo. Lakini tahadhari ihukumiwe kwa kilichojulikana siku ilipotolewa. Wataalamu hawa wanastahili pongezi zetu, na bajeti ya vifaa vyao isipunguzwe.