Seli Isiyojua Kazi Yake

Ukishuka Kenol, mji uliopata jina lake kwa kituo cha mafuta, ukaiacha barabara kuu ya Nyeri na kushika ile ya Murang'a, hukawii kuzingirwa na migomba. Baadhi yake imepitia maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, fukusi na minyoo ya mizizi ilipokuwa inawamaliza wakulima, watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, pale Thika, pamoja na mtaalamu Florence Wambugu, waliwaletea miche ya tishu. Aliyeipanda alishughulika na seli shina, hata kama hakuambiwa hivyo.

Chukua chipukizi la mgomba, uliambue ganda baada ya ganda, hadi ufike kwenye ncha nyeupe, laini. Seli za hapo ndizo seli shina, hazijachagua kazi: si jani, si mzizi, si ua. Mtaalamu huikata ncha hiyo, huisafisha kwa klorini, kisha huitia katika chupa yenye rojo la sukari na madini. Uhodari wenyewe uko kwenye homoni. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha, kwa tishu za tumbaku, kwamba sitokinini ikizidi tishu huchipua, na oksini ikizidi hutoa mizizi. Kwa kuchezea vipimo hivyo viwili, chipukizi moja huzaa mamia ya miche, na fukusi hana mlango wa kuingilia.

Nimeanzia mgombani kwa makusudi. Wengi wakisikia seli shina hudhani kazi ngumu ni kuzipata. Wala. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha utotoni seli za ngozi ya panya kwa kutumia jeni nne tu. Kinachotoa jasho ni kuziambia la kufanya, zilifanyie mahali panapostahili, na zisipitilize zikawa uvimbe.

Damu ndiyo iliyoturahisishia. Seli shina zake, ambazo James Till na Ernest McCulloch walizithibitisha Toronto mwaka 1961, hukaa kwenye uboho na kuzaa chembe zote za damu, nyekundu kwa nyeupe. Zitie kwenye mshipa kama unavyomwongeza mtu damu, nazo hufuata zenyewe kemikali inayotolewa na uboho, hadi zifike nyumbani. Daktari hazionyeshi njia. Ndiyo sababu E. Donnall Thomas aliweza kuanza kupandikiza uboho kwa binadamu katika miaka ya 1950, wakati seli hizo hazijathibitishwa bado.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza upandikizaji huo mwaka 2021, kwa wagonjwa wa mailoma, saratani ya uboho. Mgonjwa huchomwa sindano kwa siku kadhaa, zinazozifukuza seli shina kutoka kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mashine huichuja damu hiyo, huzizuia seli zinazotakiwa na kumrudishia nyingine. Kiwango cha chini huwa seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kisha hupewa dawa kali ya saratani, kali kiasi cha kuua hata uboho mzima, ndipo hurudishiwa seli zake. Hapo seli shina si dawa. Ni akiba iliyofichwa ghalani wakati shamba linachomwa. Baada ya wiki mbili hivi chembe nyeupe huanza kuonekana tena, na siku hizo za kungoja ndizo za hatari, kwa kuwa mgonjwa karibu hana kinga.

Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifuata mwaka 2023 kwa watoto wenye ugonjwa wa damu wa selimundu, na hapo hesabu hugeuka. Seli za mtoto mwenyewe hazifai zikirudishwa zilivyo, maana kosa limo ndani ya jeni zake; kwa hiyo hutolewa kwa mwingine. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye alama za tishu. Huku kwetu Mlima Kenya selimundu ni nadra, lakini kule Magharibi na Pwani ya Kenya, kwenye malaria, ni habari ya kila siku. Mwenye mtoto mgonjwa aulize mapema kuhusu kuwapima ndugu zake.

Goti, uti wa mgongo, kisukari: utafiti unaendelea, na kila mmoja umekwama au kusonga kwa swali lile lile la nani ataielekeza seli. Swali hilo linatosha pia kuvipima vile vidonge na poda zinazouzwa kwa jina la seli shina. Seli ya mmea iliyokaushwa imekufa, na ukiimeza tumbo huisaga kama sukumawiki. Ukiwa na pesa za kopo hilo, nenda kanunue miche ya migomba. Hiyo seli shina zake zi hai.