Kuunda Kabla ya Kuelewa: Uhakiki wa Kitabu cha App Inventor kama Matini ya Kozi ya Utangulizi

Sehemu hii inahakiki kitabu cha App Inventor cha David Wolber na wenzake, kilichochapishwa mwaka 2011, kama matini ya kuwafundishia wanaoanza kuunda programu za simu. Wolber alikuwa akiifundisha zana hiyo katika Chuo Kikuu cha San Francisco kwa wanafunzi wasiosomea kompyuta.

Kitabu kinatanguliza kutenda. Katika sura ya kwanza mwanafunzi anaunda programu yenye picha ya paka. Akiigusa, paka analia. Maelekezo huunganishwa kwa vipande vya rangi vinavyopachikana pale tu vinapoafikiana, hivyo makosa ya nukta na mabano hayapati nafasi. Nadharia imeachwa hadi nusu ya pili. Mpangilio huu unaafikiana na mtazamo wa Seymour Papert kwamba mtu hujifunza vyema anapounda kitu chenye maana kwake.

Nguvu ya mbinu hii inadhihirika katika zoezi la maswali kuhusu marais wa Marekani. Maswali huwekwa katika orodha moja na majibu katika nyingine, kisha namba ya nafasi huyaoanisha. Awali programu hulinganisha namba hiyo na 3, kwa kuwa maswali ni matatu. Baadaye 3 huondolewa na mahali pake huwekwa urefu wa orodha. Badiliko hilo dogo ndilo kiini cha kozi: programu haifungwi tena na marais. Mwanafunzi wa Morogoro anaweza kuweka maswali ya ngeli za nomino na mantiki ikabaki ileile.

Hata hivyo, udhaifu unaanzia hapo hapo. Badiliko hilo hutolewa kama hatua mojawapo ya kufuatwa, sawa na hatua ya kuchagua picha. Aliyeelewa sababu yake na aliyenakili tu wote humaliza wakiwa na programu inayofanya kazi. Mtahini anayeitazama simu peke yake hawezi kuwatofautisha.

Inaweza kutolewa hoja kwamba nusu ya pili hufidia kasoro hiyo. Hoja hii ina uzito, kwani sura hizo zinafafanua matukio, orodha na taratibu. Lakini ufafanuzi huo unamfikia mwanafunzi akiwa amekwisha kuzoea kunakili.

Aidha, kuondoa makosa ya sintaksia si kuondoa lugha. Kipande cha tukio katika kitabu hiki kinasomeka kama sentensi ya Kiingereza inayoanza kwa kishazi cha wakati. Asiyeimudu lugha hiyo anapokea umbo na rangi, wala hapokei sentensi.

Hivyo basi, mtafiti anaona kwamba mbinu hii inafaa kwa wanaoanza, ila upimaji wake unapaswa kubadilika. Mwanafunzi atakiwe kuongeza swali la nne, kisha aeleze kwa lugha anayoimudu kwa nini hakulazimika kugusa kipande kingine chochote zaidi ya orodha mbili. Maelezo hayo ndiyo yanayostahili alama.