Lumbesa na Hesabu ya Nafsi

Ndugu msomaji, wako wanaofundisha kwamba mtu akikaa kimya na kuvuta pumzi, wasiwasi wa fedha utamtoka. Sisi tunayo tafakuri iliyo kali zaidi, katika kitabu cha 38 cha Ihyaa ya Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111. Imam anaifanya nafsi kuwa mshirika wa biashara: asubuhi wawekeana nayo sharti, mchana waichunga, jioni waitaka hesabu, ikikhini waitia adabu. Rasilimali ni umri wako. Mfano mzuri mno. Mfanyabiashara auelewa bila ya kufasiriwa.

Lakini nina neno. Mwenye kuusoma mlango huu peke yake aweza kutoka na moyo uliotulia na mkono mchafu. Mtazame kijana wetu wa pwani aliyekwenda Njombe kununua viazi. Gunia limejaa, naye ataka lishonewe nyongeza juu ya mdomo, ndiyo lumbesa, ambayo sheria ya vipimo yaikataza, na bei ibaki ya gunia moja. Usiku yuko Makambako, njia ya Songea inapokutana na ya Mbeya, lori lapumzika, naye avuta tasbihi na kuihesabia nafsi yake sala zilizochelewa na maneno ya upuuzi. Ile nyongeza haimo katika hesabu! Suratul Mutaffifin yawakemea wajipimiao kwa kutimiza na kuwapunguzia wengine. Huyu kapita hata kutimiza.

Basi anza na kitabu cha 13, cha adabu za kuchuma, ndipo uende cha 38. Na msimu ujao, ukimkuta mkulima yule, mlipe kilo zake.