Ya kucheka au ya kulia?

Ukienda kwa vijana wanaojaza filamu kwenye flashi pale Buzuruga au stendi ya Nyegezi, utaulizwa unataka za wapi. Za Kikorea? Za Kihindi? Za Kituruki? Zilizotafsiriwa au zenyewe? Ukishindwa kujieleza, swali la mwisho ni hili: ya kucheka au ya kulia? Jibu kwamba unataka vyote viwili, tena ndani ya tukio moja, kijana atakuangalia kama mtu aliyekuja kumpotezea muda.

Simlaumu. Soko lenyewe ndivyo lilivyogawanyika. Huku kuna vichekesho, urithi wa akina Mzee Majuto, ambamo mtu akianguka lazima uchekwe mwanguko wake na basi. Kule kuna filamu za machozi: mama mkwe, ugonjwa, ukatili, nyingi kati yake zimegharimiwa na mashirika yenye ujumbe wa kufikisha. Humo unaruhusiwa kutabasamu dakika tano za mwanzo, kabla mambo hayajaharibika.

Ajabu ni kwamba sisi hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Aliyewahi kukaa kwenye msiba wenye watani anajua. Mtani anakuja kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai madeni ambayo marehemu hakuwahi kukopa, kisha anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mjane anacheka huku kamasi zinamtoka. Shuleni tulifundishwa kwamba utani hupunguza majonzi. Nadhani unafanya zaidi ya hapo. Hotuba za msibani humkumbuka mtu nusu, ule upande wake mzuri. Mtani humrudisha mzima mzima, pamoja na ubahili wake na ule mwendo wake wa bata.

Kwa hiyo nikitazama filamu inayotaka kunichekesha na kuniliza, kipimo changu ni kimoja: mtani yupo?

Filamu iliyoitangaza Mwanza kuliko zote haina mtani. Nazungumzia Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka 2004 na kuteuliwa kuwania Oscar. Hapa tunaiita Mapanki, kwa sababu ya ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani na watu wakaandamana. Ugomvi ule ulikuwa juu ya silaha, kama ndege za minofu zilikuja nazo au la, na sirudi huko. Umaskini inaouonyesha si uongo pia. Tuliokulia karibu na mwalo tunaujua. Kinachonikera ni kingine. Jiji zima, kutoka Kirumba mpaka Igoma, jiji ambalo mtu hawezi kununua fungu la dagaa bila kutaniwa kuhusu kabila lake, limepigwa picha kwa karibu saa mbili na utani wake umeachwa nje. Watu wanaimba, wanakunywa, halafu kamera inasubiri mpaka uso ulegee urudi kwenye huzuni. Mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, mtu ambaye kijiweni angesikilizwa mpaka alfajiri, anageuzwa kuwa kitisho.

Sasa weka pembeni yake Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa na anakufa. Hili si siri, unaambiwa mapema. Mama yake anamtoa kwenye nyumba ya kutunzia watoto wagonjwa na kumrudisha kijijini ili siku zake za mwisho awe nyumbani. Jo anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani, na dada yake Mwix, aliyechoka kuona mtoto anafungiwa ndani kama yai, anamshawishi kwamba naye ana nguvu hizo. Kisha anakwenda kukiomba kijiji kizima kishiriki katika uongo huo.

Ukiisikia hivyo unaona kabisa machozi ya bei rahisi yanakuja. Hayaji, au yakija yanachelewa na kukukuta njia nyingine. Sababu ni kwamba uongo wenyewe unaendeshwa na watu wazima wasiojua kuigiza, na Wainaina anawaacha waigize vibaya. Wanazidisha. Wanachunguliana. Kila mmoja anataka sehemu yake iwe kubwa kidogo kuliko ya jirani, kama kwenye kamati yoyote ya harusi unayoijua. Ni utani wa msibani uliohamishwa ukawekwa kabla ya msiba, na anayelala kaburini na kukataa kutoka ni kijiji kizima.

Na kuna Mike, mwenye banda la video, anayewatafsiria watoto filamu kwa mdomo wake. Sisi tuliolelewa na sauti za akina Lufufu hatuhitaji maelezo. Mtu wa namna hiyo haongezi maneno tu. Anaongeza mji mzima ndani ya filamu ya Wachina. Kijiji kinapoamua kumtengenezea Jo filamu yake, ni fani ya Mike inayoonekana ina thamani, fani ambayo wengi wetu tuliiona ya wahuni wa vibandaumiza.

Mama ndiye mpinzani, na hapa filamu inapata uzito. Yeye ni mkunga, siku zote mikono yake inapokea watoto wa wenzake. Hataki mchezo, hataki mwanawe adanganywe. Filamu nyingi zingemfanya mtu mkavu anayehitaji kulainishwa. Hii inampa haki yake: ana hoja, na hoja yake haifutwi. Stycie Waweru kama Jo naye hachezi mtoto malaika. Kuna mahali anamtazama mtu mzima kwa jicho la "najua mnachofanya, endeleeni," na pale ndipo nilipolia mimi. Ni dakika 74 tu. Fedha na mafunzo nyuma yake vilitoka Ujerumani, kwa mradi wa Tom Tykwer, kwa hiyo hoja ya kwamba pesa ya nje lazima iue utani haisimami.

Ukishaipenda hiyo, tafuta The Gravedigger's Wife (2021) ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali wa Finland, iliyopigwa Djibouti na kushinda tuzo kuu ya FESPACO mwaka huo huo. Wachimba makaburi wanakaa nje ya hospitali na machepe yao wakisubiri mtu afe, na gari la wagonjwa likitokea wanalikimbilia kama machinga wanavyokimbilia basi. Nilicheka kabla sijajiuliza nacheka nini. Mmoja wao, Guled, ana mke mgonjwa wa figo, na upasuaji unataka dola 5,000. Nani amlipie mchimba makaburi asichimbe? Filamu haikuulizi hivyo kwa maneno, na ni heri.

Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, wa kundi la Just a Band lililotupa Makmende, ni ya ajabu zaidi: binti anaamka porini, anafika kwenye hoteli ya kitalii na kuambiwa kwamba amekwishakufa, kama wenzake wote waliopo. Nusu ya kwanza ina utani mzuri wa marehemu waliochoshwa na starehe. Baadaye inakumbuka kwamba ni filamu nzito, na mtani anaondoka.

T-Junction ya Amil Shivji, iliyofungua tamasha la ZIFF mwaka 2017, ina kasoro hiyo hiyo kwa kiasi. Mara nyingine wahusika wanahutubia. Lakini binti asiyejua amlilie vipi baba yake, anayekaa hospitalini akisimuliwa maisha ya wachuuzi wa kona moja ya Dar, hilo ni wazo la mtu anayejua kusikiliza. Wasimulizi wa hadithi za hospitalini hawaachi kichekesho hata mguu ukiwa kwenye bandeji.

Upande wetu wa ziwa bado hatuna ya kwetu, na si kwa kukosa kisa. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, na familia zilizopoteza watu husimulia siku ile kwa namna ambayo mgeni ataiona kufuru: katikati ya kilio anaingia mjomba aliyegombana na mkewe akaikosa meli, na mpaka leo hajaamua kama amshukuru au aendelee kununa. Watu wanacheka, kisha wananyamaza. Atakayeipiga filamu hiyo asianzie karibu na Bwiru, meli ilipopinduka. Aanzie Kemondo, jioni ya kuamkia siku hiyo, watu wakigombania pa kuweka mikungu ya ndizi.