Mpendwa Jina la Kwanza

Kazi yangu iliyosomwa na watu wengi kuliko zote inaanza na neno Mpendwa, kisha mabano mawili yenye maneno "jina la kwanza" ndani yake, kisha mkato. Ilikwenda kwa watu 2,140 asubuhi moja ya Novemba, ndani ya dakika chache, mimi nikiwa ofisini nakunywa chai ya rangi. Sina shairi wala hadithi iliyofika hata robo ya hapo. Nimeona basi, kwa kuwa najiita mwanafunzi wa fasihi, niihakiki kama ningehakiki kazi ya mtu mwingine, bila kumwonea haya mwandishi wake.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda: taasisi inakuwa na mfumo wa kutunza taarifa za watu wake. Kwa kampuni ni wateja, kwa shirika kama lile nililofanyia kazi mwaka mmoja kabla ya kuanza shahada ya uzamili ni wafadhili. Kila mtu ana safu yake: jina, nchi, amewahi kutoa kiasi gani, lini mara ya mwisho. Wewe unaandika barua pepe moja, na mahali pa jina unaweka alama. Katika Mailchimp, kwa mfano, alama hiyo ni herufi FNAME iliyobanwa kwa nyota na mistari. Ukibonyeza kitufe, mfumo unachukua barua, unapita safu kwa safu, unachomeka jina, unatuma. Asiye na jina kwenye orodha anapewa neno la akiba. Sisi tuliweka "Rafiki". Kuna mmoja aliyeitwa "Mpendwa Ofisi" kwa sababu mtu fulani zamani alijaza vibaya, na sikuligundua hilo mpaka baadaye.

Shirika letu liligawa miche ya mdalasini na pilipili manga kwenye vijiji vya Usambara Mashariki. Sababu yake ilikuwa ya kweli. Iliki, zao lililowapa watu wa huko fedha kwa miaka mingi, inapenda kivuli cha msitu, na mkulima akitaka kuipanda husafisha miti midogo ya chini na kuiacha mikubwa. Kwa mbali msitu unaonekana mzima, kumbe chini hakuna mche wa kurithi. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na watu waliokuwa na mashamba ya iliki ndani ya msitu wakalazimika kutafuta njia nyingine. Nilijua haya kabla ya kuajiriwa, kwa sababu kwetu ni Bulwa, juu kabisa baada ya Amani, ambako basi la kutoka Muheza likifika limeshapakwa tope jekundu hadi madirishani.

Nilipoambiwa nitafute "hadithi ya mtu mmoja" ya kupeleka kwa wafadhili, nilimpigia simu shangazi yangu. Alikuwa ameteleza kwenye njia ya shambani na kuvunjika mguu, yuko ndani wiki ya sita. Nikamwuliza, naweza kuandika habari zako? Akasema andika. Sikumwambia ni kwa watu wangapi. Naye hakuuliza, kwake barua ina mtu mmoja anayeipokea.

Mstari wa pili wa barua, niliyoiandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ungekuwa hivi: Leo asubuhi nimesimama kwenye vilima vya chai vya Bulwa, na nimekukumbuka wewe. Tuanze na "leo". Siku naandika nilikuwa Dar es Salaam, feni inanipulizia karatasi. Siku inatumwa nilikuwa Dar es Salaam. "Nimesimama" ni kweli kwa maana kwamba niliwahi kusimama. "Wewe" ndiyo shida yenyewe.

Kuna atakayesema huo ni ubunifu tu, kwani msimulizi wa riwaya naye hadanganyi? Hapana, hadanganyi. Msomaji wa riwaya anajua kwamba msimulizi hamjui, na mapatano hayo yako wazi tangu kwenye jalada. Barua yangu ilifanya kazi kwa sharti kwamba mapatano yafichwe. Ufundi wote ulikwenda huko: sentensi fupi, kosa dogo la uakifishaji ambalo bosi wangu alishauri tuliache ili barua ionekane imeandikwa kwa haraka na mtu, sahihi yangu yenye jina moja. Tulitengeneza hata uzembe.

Lakini ukiisoma tena unaona jambo jingine, na hili sikuliona wakati ule. Kwa kuwa barua lazima imfae kila mmoja wa wale 2,140, hakuna neno ndani yake linaloweza kuwa la mmoja wao peke yake, isipokuwa jina. Maneno yanayomhusu msomaji yote yamelegea, kama sare iliyoshonwa kwa vipimo vya darasa zima: "moyo wako", "ukarimu wako", "safari yetu pamoja". Shangazi, kinyume chake, ameanikwa. Jina lake lipo, mguu wake upo, wa kushoto, idadi ya watoto wake ipo, picha yake akiwa na kanga ya ndani mlangoni ipo. Msomaji ni pengo, na anayesomwa ni uchi. Nikikutana na riwaya yenye mizani hiyo katika semina, ningeuliza mwandishi anamwogopa nani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ingeuliza kama shangazi aliridhia. Aliridhia, fomu ninayo, na dole gumba lake liko juu yake. Kisheria niko salama. Nataja ili isidhaniwe kwamba nalia kwa ajili ya hilo.

Swali lililonisumbua zaidi ni la salamu. Kiingereza kina neno lake moja la kuanzia barua na halimgharimu mtu chochote. Kwa Kiswahili, mfumo unakwama mlangoni. Mpendwa ni neno zito. Mtu wa kijijini kwetu akiandikiwa Mpendwa na asiyemjua atafikiri ni mchungaji au ni mchumba. Ndugu lilikuwa neno la siasa ya Azimio la Arusha la 1967, likimsawazisha waziri na mkulima, na leo limehamia kwa kampuni za simu: Ndugu mteja, salio lako halitoshi. Na hayo bado ni ya kuita tu. Kuamkia ndiko kugumu. Ili niseme shikamoo lazima nijue umri wako dhidi ya wangu. Kwa Kisambaa lazima nijue hata jua liko wapi: asubuhi ni onga maundo, mchana ni onga mshi. Orodha yetu ilikuwa na safu thelathini na kitu kwa kila mtu, mpaka aina ya kadi ya benki, na hakuna hata moja iliyojua kama anayepokea ni wa kuamkiwa au wa kuniamkia. Shangazi yangu mwenyewe "jina lake la kwanza" halitumiwi na mtu yeyote aliye hai. Ni Mama fulani tangu mwaka aliojifungua.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema barua za mashine hazina roho na zile za wazee wetu zilikuwa nayo. Babu yangu ananizuia.

Babu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai. Mchana alipima majani na kuandika kilo za kila mchumaji. Jioni aliwaandikia barua. Wachumaji wengi walitoka mbali, Njombe na Iringa, na si wote walioweza kuandika. Mama anasema daftari lake lilikuwa na ukurasa mmoja wa mwanzo, umeandikwa kwa mwandiko mzuri, nao ulinakiliwa kwenye kila barua: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami. Jina tu ndilo lililobadilika. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni. Kiolezo kitupu! Na hakukianzisha yeye. Barua za Kiswahili za hati ya Kiarabu ambazo Carl Büttner alizichapisha Ujerumani mwaka 1892 nazo zina utangulizi wa heshima unaojirudia, majina yakibadilika ndani yake, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zilikuwa za uongo. Kurudia salamu ile ile ni adabu. Mtu anayebuni salamu mpya kila asubuhi watu watamshangaa.

Kwa hiyo kosa haliko kwenye kiolezo, na wahakiki wanaodhani kila kilichorudiwa ni kifu wanapaswa kwenda msibani wakasikilize. Nadhani tofauti iko kwenye kazi ya pili ya babu, ile ambayo mfumo wetu haukuwa nayo. Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la shamba, na mwandishi wa barua ndiye aliyekuwa msomaji wa jibu. Aliketi na mchumaji, akalifungua, akalisoma kwa sauti. Kama kuna aliyefariki huko Njombe, babu ndiye aliyejua kwanza, sekunde moja kabla ya mwenyewe, na ilimbidi aamue aseme vipi. Mama anasema zipo jioni alizorudi hataki kula.

Nilikuwa nasoma wakati huo huo Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zile alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, ambazo TUKI ilizichapisha mwaka 2002. Mwandishi mkubwa kutoka Tanga yetu, na sehemu kubwa ya barua ni mambo ya nyumbani, ya kazi, ya fedha. Zimelengwa kwa mtu mmoja na tunazisoma maelfu, na kila mmoja anajua amekaa dirishani pa wengine. Yangu ililengwa kwa maelfu na kila mmoja aliaminishwa kwamba ndiye mwenye nyumba.

Sasa kuhusu mmoja wao.

Barua kama hizi hubeba picha ya nukta moja isiyoonekana. Ukifungua barua, picha inaitwa kutoka kwenye mfumo, na mfumo unaandika: amefungua. Si kipimo cha kuaminika sana. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajasoma. Hata hivyo tulizihesabu, na katika taarifa yangu ya mwezi niliandika kwa fahari kwamba kuna mpokeaji mmoja, mama wa Finland, aliyefungua barua mara kumi na moja. Nilimweka chini ya kichwa "mafanikio".

Alikuwa amejibu. Jibu lilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuifungua, na nililikuta miezi saba baadaye, wiki yangu ya mwisho, nilipoambiwa nisafishe kisanduku. Kurasa mbili. Alisema aliishi Amani kwa muda zamani na anakumbuka ukungu wa Bulwa unavyoingia mpaka jikoni. Alisema naye aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, wa kushoto vile vile. Aliuliza kama shangazi amewekewa chuma au plasta tu, kwa sababu yeye chuma kinamuuma kukiwa na baridi, na kule Bulwa Julai kuna baridi. Alinishukuru kwa kumkumbuka nikiwa nimesimama pale kwenye chai. Hakuna aliyekuwa amemkumbuka siku ile, aliandika.

Sikujibu siku hiyo. Sikujua nianze kama nani.

Nilichapa kurasa zile na likizo ya Pasaka nikapanda nazo basi la Muheza. Shangazi alikuwa nje anaanika mdalasini, anachechemea kidogo. Nikamtafsiria kila kitu. Nikamweleza pia juu ya wale wengine 2,139. Alikaa kimya kwa muda, anageuza maganda.

"Kwa hiyo picha yangu na ile kanga wameiona wote hao?"

"Wameiona."

"Ungeniambia nivae vizuri." Hakutabasamu aliposema hivyo, na nilijua si kanga anayoisema. Kisha akauliza, "Na huyu mama, umemjibu?"

"Bado."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Akaacha maganda, akajifuta mikono, akaniambia nichukue kalamu, simu naweza kuitumia baadaye nikifika kwenye mtandao. Akauliza huyu mwenzake ana umri gani. Sikujua, ulikuwa umeandikwa mahali fulani kwenye mfumo na mimi sikuwa tena na nywila. Akasema basi anza na shikamoo, akiwa mdogo atacheka. Halafu mwambie ni plasta, si chuma. Mwambie dawa ya baridi ni kukanda kwa maji ya moto yenye chumvi, asubuhi kabla hajakanyaga chini. Mwulize kwao barafu inaisha mwezi gani. Mwambie aliyeandika ile barua ya kwanza ni mtoto wa kaka yangu, na siku ile hakuwa huku.

Hilo la mwisho niliandika pia.