Sanaa ya Kupoza Springi

Katika kazi zote zinazofanywa na mafundi wa injini za boti za mashindano, sijui iliyo moja inayostahili taadhima kuliko kazi ya kuzipoza springi za vali, nayo ni kazi isiyosifiwa na watu wengi kwa kuwa mahali pake ni chini ya kifuniko kilichokazwa kwa boliti, ambako jicho la mtazamaji halifiki. Nahodha husifiwa kwa ujasiri wake, na mjenzi husifiwa kwa umbo la chombo chake. Lakini lau springi moja ingelegea katikati ya bahari, si ujasiri wa yule wala umbo lililobuniwa na huyu ambalo lingeifikisha boti bandarini.

Wajibu wa springi ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza. Kamshafti huisukuma vali ikafunguka, bali haina uwezo wa kuirudisha; kuirudisha kwenye kiti chake ni amana ya springi peke yake. Katika injini ya mipigo minne izungukayo mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde moja, yaani mara 180,000 katika saa, na katika injini kubwa za mashindano zenye silinda nane, springi iliyobanwa hadi mwisho wa safari yake hupata kusukuma kwa nguvu ya ratli 600 na zaidi. Ikichelewa hata kidogo, vali huelea mbali na kiti chake, na pistoni ipandayo huweza kuikuta njiani ikaivunja.

Aliyetupa kanuni ya springi ni Robert Hooke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1635 katika kijiji cha Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight. Kwanza aliificha kanuni yake katika fumbo la herufi zilizovurugwa, kisha mwaka 1678 akalifumbua: kadiri springi inavyovutwa au kubanwa, ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyozidi kwa kipimo kile kile. Kanuni hiyo imesimama hata leo, na mizani ya springi iliyo mikononi mwa wachuuzi ni shahidi wake. Walakini springi ya vali, inayopindwa na kuachiwa bila ya mapumziko, hurejesha karibu yote iliyopewa, wala si yote kabisa. Katika kila pigo sehemu ndogo ya kazi hubaki ndani ya chuma ikageuka joto, na sehemu hiyo, ambayo kwa pigo moja haifai kuhesabiwa, kwa mapigo ya saa nzima hutosha kuiondolea springi nguvu zake.

Fauka ya hayo, springi ina mtikisiko wake wa asili. Mapigo ya kamshafti yakipatana na mtikisiko huo, mawimbi hupita katika mizunguko ya waya kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na springi hujishughulisha na nafsi yake badala ya kuishughulikia vali. Mafundi walilitibu jambo hili kwa kutia ndani ya springi utepe bapa wa chuma uliosokotwa, nao huikaza springi ya nje kwa ndani, ukaisugua, na kwa kuisugua ukayaua mawimbi yale. Na aghalabu hutia springi ya pili iliyo ndogo ndani ya ile kubwa. Dawa hiyo ni sahihi, lakini hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ninawastaajabia mafundi kwa sababu hawakuitupa dawa kwa ajili ya madhara yake, bali walitafuta wa kuichukua harara ile na kuipeleka mbali.

Mahali ambapo haja hii ni kubwa kupita kiasi ni baharini. Gari la mashindano hupumua kwenye kila kona, ilhali boti haina kona nyingi wala mteremko. Huyasukuma maji kwa nguvu zake zote kwa muda wa saa nyingi. Mwaka 1961, kwenye kisiwa kile kile alichozaliwa Hooke, Sir Max Aitken alianzisha mashindano ya boti za injini kutoka Cowes hadi Torquay, na Tommy Sopwith akashinda mwaka huo wa kwanza kwa boti yake Thunderbolt. Katika safari kama hiyo boti huruka juu ya wimbi, rafadha ikatoka majini, mzigo ukatoweka ghafula na injini ikapanda mbio. Kisha chombo huanguka na mzigo wote hurudi kwa kishindo. Ndiyo sababu katika boti nyingi za namna hii yumo mtu ambaye kazi yake ni kupunguza na kuongeza mafuta tu, mwenzake akishika usukani. Lakini mkono wa mwanadamu, hata ukiwa hodari, hauwahi kila wimbi, na asilowahi yeye hulipokea springi.

Maji ya kupozea injini hupita katika vichwa vya silinda, wala hayazigusi springi. Na hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko ni ya moto, nayo haina pa kutokea. Hakuna msaada uliobaki ila oili. Watu wengi hudhani kwamba oili ipandayo juu ya injini ina kazi moja tu ya kulainisha, kumbe kwa springi ndiyo maji yake ya kuogea: huzirukia kutoka kwenye roka zinazozisukuma vali, huchukua joto, hushuka hadi sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kisha hupita katika kipoza oili ambamo maji ya bahari hulipokea joto lile na kwenda nalo. Hivyo bahari inayoitesa springi ndiyo pia inayoiauni.

Wako mafundi waliozoea mashindano mafupi ya magari ambao huibana njia ya oili iendayo juu. Hoja yao si ya upuuzi, maana oili ikikaa chini ya vifuniko, sampu huweza kukauka, na oili irukayo huku na huku chini ya krankshafti hula nguvu za injini. Kwa mbio za sekunde chache nawapa haki yao. Kwa mbio za saa nyingi baharini siafikiani nao abadan, kwa sababu nguvu kidogo wanazookoa hulipwa na springi, na malipo yake ni makubwa kuliko faida.

Fundi ninayemsifu hulaza mrija mwembamba ndani ya kifuniko, akautoboa tundu la takriban milimita moja mbele ya kila springi. Kabla ya kuiwasha injini huizungusha pampu ya oili kwa drili, akautazama kila mchirizi kama unaangukia mizunguko ya juu ya springi au unapita pembeni. Kisha huyapanua matundu ya kurudishia oili chini, na kuzikagua sili za vali zisije zikairuhusu oili kuvuja hadi ndani ya silinda. Waya wenyewe aghalabu ni chuma cha pua chenye kromi na silikoni, kinachostahimili takriban nyuzi 245 za Selsiasi, na uso wake hupigwa kwa punje ndogo za chuma ili ufa usipate pa kuanzia.

Mashindano yakiisha, huzitoa springi zote akazipanga kwa taratibu juu ya kitambaa, kila moja kwa namba ya silinda yake, akazitia katika mizani moja baada ya moja na kuzibana hadi urefu zilio nao zikiwa kwenye kiti, akalinganisha ratli anazozisoma na zile alizoziandika kabla ya safari. Zikipungua zote pamoja kwa kiasi kidogo, hana wasiwasi. Ikipungua moja peke yake, na hasa ikiwa imegeuka rangi ya majani makavu au ya buluu, haimtoshi kutia mpya mahali pake. Huuendea mrija, akalitafuta tundu lililoelekea springi ile, akalipitisha waya mwembamba, akaizungusha tena pampu na kuutazama mchirizi wake mpaka uwe sawa na wa wenzake, ndipo anapokirudisha kifuniko.